Tundu la Tano

Nilimnukulia kazi zake kwa wino mweusi,
ukurasa shilingi elfu moja, na chai juu yake,
ghorofa ya pili, Mkunazini,
chumba ambacho feni yake ilivuma nota moja tu
na Bi Kazija akiihesabu nota ile
kama mpangaji mwengine asiyelipa kodi.

Kwao Wete, mama yake huulizwa:
"Mwanao hasa anafanya kazi gani?"
"Anaandika muziki."
"Taarabu?" "Si taarabu."
"Kasida?" "Wala si kasida."
"Basi nini?"
"Ule wa kukaa kitako ukanyamaza."
Jirani huguna: "Mungu atamfungulia."

Miaka kumi na mmoja kashughulika na tundu moja,
la tano, ukihesabu kutoka mdomoni,
katika zumari ya Mbwana Tumu,
fundi baiskeli wa Konde.
Alilipima kwa koleo la mafundi saa.
Akapima pumzi. Akaupima ukuti wa mdomoni
ukiwa mkavu, kisha umelowa mate,
kisha asubuhi ya mfungo, kinywa kikiwa kichungu.
Sauti yake haimo katika piano yoyote,
imejibana baina ya funguo mbili
kama mgeni aliyekuta jamvi limejaa.

Huko Praha, kwenye theluji chafu ya mwezi wa tatu,
profesa alipiga mstari mwekundu:
Nota hii imepotoka.
Naye akajibu pembeni, kwa herufi za sisimizi:
Haikupotoka. Imehama.
Wakampa shahada. Nadhani walichoka kubishana.

Akatunga utungo wa fidla tatu na selo
uliojengwa wote juu ya nota ile ya kuhama.
Wapigaji wa kule, watu wa adabu sana,
usiku wa onesho vidole vyao vikairudisha
pole pole, mahali walipozoea kuikuta.
Alipewa maua. Akayasahau kwenye treni,
au alisema kayasahau.

Unguja tulikuja watu kumi na tisa,
wawili kati yetu tukingoja mvua ipite
(mimi nilikuwa mmoja; ndivyo nilivyopata kazi).
Kipande cha pili, umeme ukakatika.
Salha Vuai wa selo hakusimama,
na gizani, pasipo karatasi,
nota ikatoka kama inavyotoka Konde.
Nilimsikia Bi Kazija akivuta pumzi
mstari wa nyuma, kiti cha mwisho.

Kitabu kilipojalidiwa tukampelekea mwenyewe.
Mimi nilibeba: kurasa mia tatu na arobaini,
tanbihi mia sita na mbili.
Mbwana Tumu akajifuta grisi kwenye suruali,
akafunua, akaiona zumari yake imechorwa
imekatwa ubavuni kama papai,
mishale ikiielekea pande zote.
"Tundu la tano?" akasema.
"Hili alitoboa dumuzi.
Babu alitaka kuliziba kwa nta,
akaitwa harusini kabla nta haijayeyuka,
na harusi zikafuatana."

Cheni ya baiskeli ilikuwa inadondosha mafuta.
Mimi nilitazama viatu vyangu.
Nilijua atalia, au atacheka ile cheko mbaya.
Bi Kazija akafungua daftari.
"Dumuzi wa mbao," akauliza, "au wa mahindi?"

Sasa tunatayarisha chapa ya pili.
Hakubadilisha hata kituo,
ila tanbihi ya mia sita na tatu, mstari mmoja,
jina la mdudu na jina la kijiji.
Na juu ya nota ile, penye alama
isiyopandisha wala kushusha,
nachora mimi, kwa kalamu nyembamba kuliko zote:
kiwiliwili, miguu sita.
Jana nilimtia na mabawa kidogo, apendeze.
Akayafuta kwa wembe.
"Usimpambe," akaniambia. "Mchore yumo kazini."